Mgongo wa Ndege

Riziki alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa nimeinamia ramani ya nyumba ya mteja anayetaka vyumba sita katika kiwanja cha vyumba vitatu. Nilidhani anaulizia habari za mwanawe anayesoma huku Uvira. Akasema, kwa lile neno letu la kumwita kaka mkubwa, "Yaya Asende, yaya Wilondja ametuacha. Juzi, kule Lubondja. Tulishamuzika." Nikabaki na rula mkononi. Nilitaka kumpa pole, ila sikujua ni nani kati yetu anapaswa kumpa mwenzake. Akauliza, "Sasa utakuja?" Nikamwambia nitakuja. "Ulisemaka vile na mwaka ule mwingine," akasema, na simu ikakatika, ama aliikata mwenyewe.

Alikuwa na haki ya kuikata. Kwa miaka minane nilijua kwamba Wilondja yu hai, fundi wa bati mwenye mguu mbovu kule Lubondja, na kwa miaka minane nilikuwa na safari nyingine muhimu zaidi. Kutoka Uvira si mbali: unashuka na barabara ya ziwa, unapita Mboko, unalala Baraka, na asubuhi unapanda pikipiki kuelekea milimani. Kila mwaka nilimwambia Riziki kwamba likizo hii nakwenda. Mimi ni mtu wa vipimo, nachora nyumba za watu, na nikisema uongo nauchora vizuri vilevile, na milango na madirisha yake. Habari za wazazi wangu na namna nilivyofika Baraka zina mahali pake. Hapa nataka kusimulia mwaka mmoja tu wa vita vya pili, ule ambao mimi na Wilondja tulitengeneza ndege ya kivita kwa mabati ya mafuta ya msaada.

Chumba chetu cha kazi kule Baraka kilikuwa nyuma ya mgahawa wa Mama Faila, mama yake Riziki, karibu na njia ya kushukia ziwani. Zamani kilikuwa stoo ya unga, na unga haukuwahi kutoka kabisa. Ulikaa kwenye nyufa za ukuta na kwenye nywele zetu. Kulikuwa na meza moja, benchi moja, jiko la makaa na dirisha lisilo na kioo lililotazama mashamba ya muhogo. Ukuta kati yetu na walaji ulikuwa wa mbao, tukasikia kila kijiko. Tulijua nani kala sombe, yaani majani ya muhogo, bila samaki na nani kaagiza samaki wa mukeke mzima. Tulijua pia askari walioushika mji wakiingia, kwa sababu mazungumzo yalikatika palepale na Mama Faila akaanza kucheka kicheko chake cha kazi, ambacho hakikuwa na furaha hata chembe. Wilondja alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mkimya kwa watu na msemaji kwa vitu. Alitengeneza taa ndogo za mafuta, faneli na ndoo, na alikuwa akiyasemesha mabati yake: "Kuja hapa, we mubishi." Mimi nilikuwa na kumi na nane, mwanafunzi wa darasa la mwisho wa shule iliyofungwa, mwenye kampasi, rula ya mbao na kiburi. Alikubali kunifundisha bati kwa sharti kwamba mimi nimfundishe kuandika, kwa sababu kusoma alijua kidogo, kuandika hapana.

Ndege ile, ya upande uliokuwa ukipigana na askari wale, ilikuja mara ya kwanza siku ya soko. Ilishuka kutoka upande wa milima, ikapita juu ya mapaa ya mji chini sana, ikaachia mabomu mawili ufukweni, mahali boti zinaposhusha ndagala, wale dagaa wetu. Mapenzi, mdogo wake Wilondja, alikuwa amekwenda kununua ndagala. Sitaeleza tulichokikuta. Nitasema tu kwamba Wilondja aliitambua ndoo kwanza, kwa sababu aliitengeneza yeye na aliujua mshono wake, na kutoka kwenye ndoo ndipo akajua atazame wapi. Baada ya hapo ndege ilikuja tena na tena, kila mara mchana, wakati mwingine ikipiga, wakati mwingine ikipita tu. Mji mzima ulijifunza kukimbia kwa sikio. Mtu aliyeangusha debe barabarani alitukanwa na mtaa wote. Hata ile ndege ndogo ya dawa, ambayo kabla ya vita watoto waliipungia mikono, ilitutawanya kwenye mihogo, na Mama Faila alikimbia na sufuria ya sombe kichwani, kwa sababu siku moja aliiacha jikoni na aliporudi akakuta imeliwa. Tulikula ile sombe ndani ya mtaro, naye akituhesabia vipande vya samaki.

Matanga ya Mapenzi yalipokwisha, Wilondja alirudi kwenye meza, akakaa asubuhi nzima bila kugusa nyundo. Kisha akasema, "Asende, ile ndeke naitaka hapa ku meza."

"Utaifanya nini, yaya?"

"Nitaijua. Yenyewe iko inatuona kila siku, siye hatuioni. Tunakimbiaka tu sauti. Nataka kujua kila musumari yake. Kintu natengeneza na hii mikono, nitaweza kuitazama."

Nilikuwa na la kusema, na nililisema kwa sauti ya mwalimu. Nilimwambia kwamba jua liko mbali mno, kwa hiyo ndege ikiruka sawasawa, kivuli chake chini kina upana uleule wa mabawa yake. Tukikipima kivuli, tumeipima ndege. Wilondja alinitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata shuleni, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Siku chache baadaye ndege ilipita juu ya uwanja wa mpira wa shule, sisi tukiwa tumelala chali kwenye mtaro wa pembeni. Watu wengine walifumba macho. Yeye alitazama tumbo la ndege, mimi nilitazama kivuli kikifuta uwanja: bawa moja lilipita kwenye mlingoti wa goli, la pili kwenye jiwe jeupe la mstari. Ilipokwenda tulitoka na kamba yetu tukapima, watu wakiwa bado wanatoka mihogoni na kuita watoto wao kwa majina. Mita tisa na nusu. Mama mmoja aliyebeba kapu alisimama akatuuliza, "Munapimia nani?" Wilondja akamwambia tunapimia ndeke. Yule mama hakucheka. Nilimwona akigeuka mara mbili kututazama, na sikulitia maanani. Nilikuwa nimepima kitu kinachoruka kwa kamba ya kuanikia nguo, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko goli.

Tuliamua kipimo cha moja kwa ishirini, yaani bawa hadi bawa ilikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mifupa ya ndani ilikuwa fito za mwanzi. Pua tuliichonga kutoka kwenye boya la wavu lililoletwa na Papa Sumaili, mvuvi aliyekuwa akija kula kwa Mama Faila kila alipopata samaki na hata asipopata. Ngozi ilikuwa bati la mafuta, lililokatwa kwa mkasi, likanyooshwa juu ya chuma cha reli na kuunganishwa kwa lehemu. Vichwa vya misumari ya ndege tulivipata kwa kugonga bati kwa ndani, kimoja kimoja, kwa ncha ya msumari, mstari baada ya mstari, hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Mabomu yalikuwa betri za redio ya Mama Faila zilizokwisha nguvu. Tuliweka ndoano nne na betri tatu, kwa sababu Papa Sumaili aliapa kwamba ndoano moja ilikuwa tupu siku ndege ilipopita juu ya mtumbwi wake.

Desturi ya majina ililetwa na Mama Faila. Aliingia siku moja na mwiko mkononi, akaangalia kazi yetu, akasema lile doa la mafuta liko vibaya. "Iko karibu na mupira wa kushoto, haiko huko. Mi nililala chini yake, mi njo najua." Wilondja hakubishana. Alimpa msumari: "Chora weye mwenyewe, mama, na utie jina yako." Mama Faila akaweka mwiko chini, akalichora lile doa, akaandika *Faila* kando kwa herufi ndogo. Tangu siku ile ikawa sheria. Hakuna kitu kilichowekwa kwenye ndege mpaka aje mtu wa Baraka aliyekiona kwa macho yake, akichore, aandike jina. Asiyejua kuandika aliweka alama. Papa Sumaili alichora samaki kwenye ile ndoano tupu. Namba iliyokuwa chini ya bawa ilikuja kwa vipande: tarakimu ya kwanza kutoka kwa muuza chumvi, ya mwisho kutoka kwa mtu aliyekuwa juu ya paa lake akiziba tundu na hakuwahi kushuka. Walikuja mmoja mmoja kupitia mlango wa nyuma. Walikuwa wakiogopa wakiingia, na wakishaandika walikaa kidogo, wakaishika ile ndege, wakaipima uzito mkononi. Kulikuwa na mama ambaye hakuwa na cha kuongeza, alitaka tu kuikamata. Wilondja alimpa, akatoka nje, akamwacha nayo.

Tumbo lilijaa hivyo, na mgongo ukabaki bati tupu na herufi za bluu za mafuta ya msaada. Hakuna aliyeuona mgongo. Nani angeuona? Ulikuwa unatazama juu, upande wa Mungu. Mimi ule mgongo ulinikera. Nilikuwa naamka nauwaza. Siku moja alipita Mwalimu Amisi, aliyetufundisha fizikia kabla shule haijafungwa, mtu wa utani, akaizungusha ndege kwenye kamba tuliyoitundikia darini na kucheka. "Asende, hii iko ndeke ama iko mufuniko? Haina hata muntu wa kuiendesha!" Alikuwa anatania. Lakini mimi sikuwahi kutaniwa kwa kazi ya mikono yangu, na nilitabasamu huku nimeumia. Wiki ileile nilinunua karanga zilizofungwa kwenye ukurasa wa jarida la zamani la Kifaransa, na kwenye ule ukurasa kulikuwa na picha ya ndege ya kivita ikitazamwa kutoka juu: kioo, rubani na kofia yake, mstari mwekundu kutoka kioo hadi mkia, namba kubwa mgongoni. Nilimwonyesha Wilondja. Aliiangalia kwa muda, akanirudishia.

"Hii si yetu."

"Zinafanana, yaya. Kila ndeke iko na mugongo."

"Iko nayo. Ila nani aliiona? Lete ule muntu, nimupe musumari." Akaendelea kufuta lehemu. "Tukitia kintu moja hatukuona, hata tumbo batasema ni uongo."

Nikaukunja ule ukurasa, nikautia ndani ya daftari langu, na nikangoja. Nasema nilingoja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wilondja alipokwenda Mboko kutafuta mabati na lehemu, safari ya siku mbili, gari lake halikuwa limepita daraja na mimi tayari nilikuwa nimeishusha ndege kwenye kamba. Nilifanya kazi siku nzima, na lazima niseme kweli, ilikuwa siku ya raha kuliko zote za mwaka ule. Kioo nilikikata kutoka kwenye chupa ya plastiki ya seramu, maji ya dripu, ya kituo cha afya. Rubani nilimchonga kwa mti mwepesi, mdogo kama punje ya karanga, na kofia. Rangi ya bluu na nyeupe ilitoka kwa mpaka rangi wa mitumbwi, na mstari mwekundu niliupaka kwa verni ya kucha ya Mama Faila, ambayo Riziki, akiwa na miaka kumi wakati ule, alinitolea chini ya godoro. Nilinakili hata namba. Herufi za bluu zikazama chini ya rangi, na ndege ikawa ndege. Niliitundika tena, tumbo chini, nikawaza sura atakayofanya Wilondja akiipindua.

Kesho yake saa tano askari wanne waliingia mgahawani, wakapita kati ya meza bila kuagiza. Mama Faila hakupata hata nafasi ya kucheka. Mtu alikuwa amewaambia kwamba kuna vijana waliopima uwanja wa shule kwa kamba kwa ajili ya ndege. Walininyanyua mimi, wakaifunga ndege ndani ya kitambaa, wakatupeleka sote wawili kwenye ghala la zamani la pamba, ambako komanda wao alikuwa ameweka meza. Alikuwa kijana, mpole, na viatu vya kiraia vilivyong'arishwa. Upole wake ndio ulionitia hofu. Askari waliiweka ndege mezani tumbo juu, kwa sababu ya zile betri, naye akaanza kuisoma taratibu, akifuata mistari ya misumari kwa kidole. Aliniuliza nani ametengeneza. Nilisema, sisi wawili. Aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Kabla sijajibu, Wilondja alisimama mlangoni. Alishuka garini akaambiwa, akaja mwenyewe, mabati kichwani, akayaweka chini kwa adabu kama mtu aliyekuja kuuza.

"Umefanya kazi uwanja gani wa ndege?" komanda akamwuliza.

"Hata moja, Komanda. Mi natengenezaka taa."

"Na namba hii umeitoa wapi? Ni yenyewe. Watu wangu wameiona."

"Njo vile, hata batu bangu baliiona. Kila muntu na kipande yake. Ule wa chumvi ya mbele, ule wa paa ya nyuma."

"Na majina haya?"

"Ni bale baliona. Balikuwa balilala chini, Komanda. Sawa siye bote. Sawa na weye."

Askari mmoja mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Komanda mwenyewe alilegeza midomo. Nikaona kwamba tunaweza kutoka pale. Wilondja naye aliona, kwa sababu alisogea hatua moja, akanyoosha mkono wake mrefu wenye makovu ya moto, akasema kwa utulivu, kama anavyomweleza mteja namna ya kutia utambi, "Kama ningekuwa na bo, benye ndeke, ningeijua na yulu yake. Pindua, Komanda. Mugongo utakuta ni bati tu. Siye tunajua tumbo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile. Komanda aliweka kalamu. Alisogeza karatasi. Aliishika ndege kwa mikono miwili, pole pole, betri zisidondoke. Ule ni muda wa kutosha kabisa kwa mtu kusema: ni mimi, nilinakili jaridani, ukurasa uko ndani ya daftari langu, hatua mia mbili kutoka hapa, tumeni mtu. Nilikitazama kiatu cha komanda. Akaipindua.

Mstari mwekundu ulimeremeta. Verni ile ilikuwa nzuri. Kioo kilikaa sawasawa, rubani ndani yake na kofia yake, na nyuma yake namba kubwa nyeupe. Wilondja aliutazama ule mgongo kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama bati lililopasuka wakati wa kukunja, akitafuta ufa umeanzia wapi.

"Bati tu?" komanda akasema. Upole ulikuwa umekwisha. "Nani alikuonyesha?" Na kabla hajajibiwa, aliirudisha tumbo juu, akachukua kalamu, akaanza kunakili majina. La kwanza lilikuwa *Faila*.

"Acha bale, Komanda," Wilondja akasema haraka. "Majina niliandika mi. Bo hawajui kintu. Na huyu anashikaka tu rula. Mugongo ni mi."

"Uliuona wapi?"

"Mu kichwa yangu."

"Kichwa chako kina uwanja wa ndege," komanda akasema. Akanigeukia. "Ni kweli? Ni yeye?"

Wilondja hakunitazama tena. Alikuwa anatazama mabati yake pale mlangoni. Na mimi nikasema, "Ndiyo, Komanda."

Maneno hayo mawili ndiyo niliyoyasema mwaka ule; mengine yote nimesahau ama nimeyapamba. Komanda akaiacha karatasi ya majina, wakaniachia. Nilitembea hadi kwa Mama Faila, nikafungua daftari, nikatoa ule ukurasa wa karanga, nikautia kwenye jiko lake chini ya sufuria ya maharage. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Unachoma nini?" Nikasema karatasi. "Karatasi gani?" Aliangalia mpaka ikaisha kuwa jivu, na nadhani aliiona ile picha ikijikunja, kwa maana alikuwa mtu wa kuona. Akaniwekea ugali na sombe, na mukeke mzima ambao sikuagiza, akasema, "Kula. Kesho asubui Papa Sumaili anavuka ziwa. Utaenda naye." Nyuma ya ukuta walaji walikuwa wanasema kwamba fundi wa taa amepandishwa milimani kubeba mizigo ya askari, na kwamba wengi wanaopandishwa hawarudi. Riziki alikuwa amekaa chini ya meza na kichupa cha verni mkononi, ananiangalia.

Nilikaa kambini ng'ambo ya ziwa miaka mingi, nikarudi, nikapata kazi Uvira. Kwenye kitabu kimoja cha ofisini niliona siku moja picha za ndege za aina ile. Mgongo wake ulikuwa wa kijivu tu. Haukuwa na mstari mwekundu, wala namba. Nilicheka peke yangu ofisini hadi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Komanda naye hakuwahi kuuona ule mgongo. Alilala mitaroni kama sisi, na aliamini rangi yangu kwa sababu nilipaka vizuri. Kisha siku moja, miaka minane iliyopita, Riziki akaniambia kwamba Wilondja yupo, Lubondja, ana mke na watoto watatu, na nikasema nitakwenda.

Nilifika siku ya nne baada ya maziko. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye benchi za kanisa, wanawake ndani, na Riziki alikuwa ametangulia. Mjane wake anaitwa Mauwa, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Nilipotaja jina langu, mazungumzo yalikatika kama zamani mgahawani askari wakiingia. Mauwa akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Aliniambia mume wake alikaa na wale askari misimu miwili, akiwabebea mizigo na kuziba madebe yao. Mguu ulivunjikia mtelemkoni, chini ya mzigo. Siku askari walipokimbia waliacha vitu vyao mezani, na yeye akachukua kimoja tu. Alitambaa nacho mpaka barabara ya Lubondja.

Ile ndege ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Betri mbili zimebaki, samaki wa Papa Sumaili yupo, *Faila* bado anasomeka. Niliipindua. Bluu imechujuka, kioo kimepata ufa, lakini rubani amekaa palepale. Na kando ya kioo, kwa msumari, kwa mwandiko mzito nilioufundisha mimi kwenye meza ya unga, palikuwa na jina: *Asende*.

"Batoto balitakaka kutoa ile kamutu ka ndani," Mauwa akasema. "Akabakataza. Alisema, mugongo musiguse, ule muntu aliiona ni Asende. Siku atakuja, mumuulize aliona nini."

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli. Mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kama ile niliyokuwa nayo mimi, alisogeza kiti. Riziki alikuwa anatazama kucha zake. Basi nikawaambia. Niliwaambia habari za karanga, za chupa ya seramu, za verni, za ukurasa ndani ya daftari na hatua mia mbili. Niliwaambia nilichoulizwa na komanda na nilichojibu. Mahali pale nililia mbele ya watoto wa mtu niliyemwuza, na hakuna aliyenigusa bega, na sikutaka niguswe. Nilipomaliza nikaomba msumari. Yule kijana akauleta kutoka kwenye sanduku la zana la baba yake. Rangi ni ngumu baada ya miaka mingi hivyo, ila nilikandamiza mpaka bati likatokea, nikaandika neno moja baada ya jina langu.

Mauwa hajui kusoma. Alimpa mwanawe, na kijana akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma kwa sauti ili hata walioko nje wasikie: "Asende hakuona."

Mama yake akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekiagiza zamani. Akaichukua ndege, akapanda juu ya kiti, akaifunga kwenye kamba iliyokuwa inaning'inia darini tayari, tumbo chini. Kisha akaniwekea ugali. Nilipoinua macho kutoka kwenye sahani niliyaona majina yote ya Baraka yanazunguka polepole juu yetu. Langu, kutoka pale chini, halikuonekana.